Bastola Isiyo na Teke

Jumanne, 4 Novemba
Ukungu umeshuka kutoka msituni hadi mlangoni. Mji wetu wa Suhl wote umemezwa. Naona taa ya jirani tu, inaelea.
Daktari kakata shauri: kifundo cha mkono wangu wa kulia kimelika. Mashindano ya shabaha kwa kaliba thelathini na mbili sasa basi. Nikizidi kupigwa na lile teke la bastola, hata kikombe sitashika. Nilikuwa naitikia kama mtu anayesimuliwa habari za mwingine.
Nikamweleza mume wangu. Tangu kiharusi, maneno ya Ortwin hutoka mojamoja. Kanisikiliza, kisha kachukua ufunguo wa karakana. Fundi wa bunduki maisha yake yote, na hajaingia humo tangu atoke hospitali.
"Lete bastola," kasema.

Alhamisi, 6 Novemba
Anaibadilisha iwe kaliba ishirini na mbili! Mtutu mwembamba, kifunga kipya, magazini mpya ya risasi. Fremu ile ile ya zamani. Risasi ndogo, teke karibu hakuna. Anafanya kazi kwa mkono wa kushoto, wa kulia umepooza, jiliwa likimshikia. Nilikaa kwenye kiti cha wateja nikisikiliza tupa ikikwaruza, taratibu — nikasinzia. Nikaota nasimama juu ya theluji, bastola mkononi nyepesi kama mkate mkavu, na shabaha inanisogelea yenyewe. Kuamka, bado anakwaruza.
Burglind kapiga simu. Tumekuwa timu moja ya shabaha tangu usichana. Ati ishirini na mbili ni ya watoto. Nikamwambia basi nimerudi utotoni. Tukacheka. Lakini timu yetu ni ya thelathini na mbili.

Jumatano, 12 Novemba
Mtutu umerudi kutoka ofisi ya ukaguzi wa silaha na muhuri wake. Umepita. Ortwin kaupapasa muhuri kwa kidole gumba, kama kipofu anayesoma. Kala madonge ya viazi mpaka nikamwonea wivu.

Ijumaa, 14 Novemba
Leo kanipa bastola, imekamilika. Mpini mpya kauchonga mwenyewe, mti wa jozi, bado unanukia mafuta. Nikaushika. Haukukaa. Kidole gumba hakikupata mahali. Nikaugeuza, nikaugeuza tena.
Ni mpini wa mkono wa kushoto.
Nikasema ni mzuri sana. Nikaenda jikoni, nikaacha maji yatiririke bure. Tulionywa: kiharusi huweza kuchanganya vitu kichwani. Burglind, kwenye simu, kanena kwa upole: labda alikuwa akiutazama mkono wake mwenyewe. Labda anajitengenezea yeye.
Sijui lipi linaniuma zaidi.

Jumamosi, 15 Novemba
Ukungu tena. Wakati wa kahawa nikajikaza.
"Ortwin, mpini huu ni wa nani?"
Kanitazama kama mgonjwa ni mimi. Akashika mkono wangu wa kushoto, akauweka. Ukaingia kama mguu kwenye soksi. Kila kidole na bonde lake.
"Umenipima lini?"
"Ukilala."
Nikamwambia mkono wa kulia bado unaiweza kaliba ndogo.
"Mwaka huu," kasema. "Mwakani je?" Katafuta maneno, kahawa ikapoa. "Mimi nimejifunza kijiko kwa kushoto. Wewe mbishi kuliko mimi."
Nikalia. Kanipa kitambaa cha karakana, chenye grisi. Uso mzima ukawa mweusi.

Jumapili, 16 Novemba
Klabuni, meza ya nyuma. Naandika kwa mkono wa kushoto ili uzoee. Herufi zinalala kama nyasi za mvua.
Risasi za kwanza zilitawanyika. Burglind kauliza nalenga shabaha au natoboa karatasi nipate hewa. Teke hakuna — ni kama kupuliza. Mkono tu unaelea, unaenda unakotaka. Halafu moja ikagusa weusi wa katikati. Ortwin hata hakuitazama. Alikuwa akitazama bega langu. "Shusha," kasema. Nikashusha. Nyingine ikaingia.
Burglind anataka jibu leo, kama nabaki kwenye timu. Yupo msichana wa mjini anayesubiri nafasi, kaliba thelathini na mbili, mkono mzima. Kanikumbusha kwamba bastola yangu inaweza kurudishiwa mtutu wa zamani, nikitaka. Msimu mmoja tu, kasema, wa mwisho, sisi wote pamoja.
Ni kweli, inaweza. Mtutu ule upo.
Sasa anakuja, koti mkononi. Ortwin kanisogezea magazini iliyojaa, anangoja. Nitamwambia Burglind kwamba nafasi yangu ampe yule msichana.