Upande wa Pwani

Alhamisi, 2 Mei

Mvua tena. Asubuhi nimekomba maji kwenye boti kwa kopo la rangi, kama jana, kama juzi. Mgongo unaniuma. Boti imelala juu ya matairi mabovu hapa kiwanjani nyuma ya ufuko, injini imekufa, na kila apitaye ana ushauri. Sitaki ushauri. Nataka trela.

Trela imekuja mchana kutoka Gede. Aliyeniuzia aliniapia kwamba inabeba boti yoyote. Mwongo mkubwa. Ilitengenezewa boti ya tumbo bapa. Yetu ina mkuku mrefu chini, umeshuka kama ncha ya jembe. Zile mbao mbili za kulalia ziko mbalimbali mno. Boti ingezama katikati ikakalia vyuma. Na mkono wa mbele, ule unaofungwa kwenye gari, ni mfupi. Nimezunguka na tepu hadi nikachoka. Hakuna kipimo hata kimoja kilichonipa raha.

Alasiri akaja kaka yangu Athman. Hata kwenye tuktuk hakushuka. "Nakupa hadi Ijumaa ya wiki ijayo, magharibi. Kama haijafika Kilifi, naiuza." Akaenda zake msikitini.

Naandika yote nisije nikasahau kwa nini nina hasira. Boti ni ya marehemu baba. Athman ana mafungu mawili, mimi moja, ndivyo dini ilivyogawa na sina ugomvi na dini. Ugomvi wangu ni na Athman. Mimi ndiye niliyekuwa majini na baba, nikipeleka wageni kwenye matumbawe, hata akaniachia usukani. Athman hata kuogelea hajui. Kilifi kuna fundi anayeijua injini yetu, na kuna kazi ya kuvusha wageni horini, kwenye ule mkono wa bahari, wananingoja. Kwa bahari haiendi, maana injini haiwaki. Iende kwa barabara au isiende kabisa.

Na mnunuzi wake? Mtu wa Mtwapa. Anataka kuikata katikati aifanye kaunta ya baa bustanini kwake. Baba aliadhini kwenye msikiti wa mtaa hadi sauti ikamwisha. Boti yake iwe ya kuegemea walevi. Na Athman anasali safu ya kwanza.

Jumamosi, 4 Mei

Nimempata fundi wa kuchomelea. Wafula, wa mtaa wa Kisumu Ndogo, kwao Bungoma. Amekuja na mashine yake juu ya mkokoteni. Anajua kazi na anajua kusema. Kusema anajua zaidi.

Tumezitoa zile mbao, tukazisogeza karibu, tukaziinamisha kwa ndani ili zikumbatie tumbo la boti. Katikati tumeweka rola za mpira za kupokea mkuku. Nimezivika mbao zulia langu la sebuleni. Lilikuwa zulia zuri. Mkono wa mbele ameukata akaunga chuma kingine, umerefuka. Ameunga vizuri, siwezi kumsingizia.

Athman amepita na wenzake wa barazani. Akawaambia, nikisikia, "Dada yangu siku hizi ni fundi magari." Wakacheka. Nilikuwa na nyundo mkononi na nilimwomba Mungu anisaidie kuiweka chini.

Jumapili, 5 Mei

Mvua. Umeme umepotea mji mzima. Hakuna kazi. Nimegombana na mwenye kibanda anayetupa umeme, na muuza maziwa, na paka.

Jumatatu, 6 Mei

Leo tumeipandisha. Vijana wa ufukweni wamesukuma, winchi imevuta. Tuliiweka trela kitako chake kikitazama baharini, boti ikaingia kichwa mbele. Ikalala juu ya mbao kama iliyozaliwa hapo. Nikasahau hasira kwa muda mfupi sana.

Kisha nikashika mkono wa trela kuuinua. Mwepesi. Mwepesi mno! Kidole kimoja kiliutosha. Injini ndiyo nzito, imening'inia nyuma kabisa, na ekseli iko mbele mno, kwa hiyo uzito wote umekaa nyuma ya magurudumu. Ukiivuta hivyo, trela inainua nyuma ya gari na kuyumba huku na huku, na hapo kwenye kona za Gede watoto wanatembea kando ya lami kwenda shule. Siwezi. Lazima ekseli irudi nyuma, ikae chini ya uzito.

Sasa mwambie Wafula. Nikamwambia sogeza ekseli upande wa tezi. Akanitazama. "Tezi? Si hiyo ni ugonjwa ya wazee?" Vijana wakaangua kicheko. Tezi ni nyuma ya chombo, mtoto wa hapa anajua. Basi, nikasema nyuma. Akauliza nyuma ni wapi, kwa sababu boti inaingilia nyuma, kwa hiyo kwake huko ndiko mbele, ndiko mlangoni. Tukabishana juu ya mbele na nyuma watu wazima wawili. Mwisho nikachoka nikasema, sogeza upande wa pwani, futi moja na nusu.

"Pwani?" akasema. "Si hapa pote ni Pwani?"

Nikamwonyesha maji kwa mkono. Kule ndiko pwani, huku ndiko bara. Hivyo ndivyo tunavyosema sisi, hata kitandani: jisogeze upande wa pwani, unanibana. Akasema, sawa mama, nimeshika. Tukaishusha boti kwenye matairi ili kesho apate nafasi ya kufanya kazi. Nikaenda kulala nikidhani nimemaliza.

Jumanne, 7 Mei

Sijui nianzie wapi.

Asubuhi nilikwenda Kilifi kuonana na fundi wa injini na kuwahakikishia watu wa horini kwamba Ijumaa nafika. Wamefurahi. Wamenionyesha mahali pa kutia nanga. Nimerudi mchana nikiwa mwepesi wa moyo, nikamkuta Wafula amemaliza, amekaa juu ya ndoo anakunywa chai. Ekseli imesogezwa. Imefungwa bolti na kuchomelewa juu ya bolti, eti isije ikalegea. Nikawaita vijana, tukaipandisha boti.

Tulipoondoa gogo la kuzuilia, mkono wa trela ukaruka juu ukakosa kidevu changu kidogo tu. Trela ikakaa kitako. Injini ikagonga chini, na faiba pale inaposhikia injini ikalia. Nikainama nikaona ufa.

Wafula ameisogeza ekseli mbele. Mbele! Waya wa umeme kutoka kibandani haukufika, kwa hiyo akaigeuza trela. Mkono ukatazama bahari, kitako kikatazama barabara. Halafu, kwa utiifu wote wa dunia, akasogeza ekseli upande wa pwani, kisha akaigeuza tena trela ilivyokuwa.

Nimepiga kelele mpaka watu wakatoka madukani. Nimemwita majina ambayo baba angeniosha mdomo kwa sabuni. Naye hakunyamaza. "Wewe ulisema pwani, mama. Mimi niliweka pwani. Bahari nayo mimi nilihamisha?"

Kinachoniua ni kwamba hana kosa. Ningesema sogeza upande wa injini, mambo yangeisha. Injini haigeuki na trela. Lakini mtu akishageuza kitu hatafakari? Hafikiri hata kidogo? Nimemfukuza.

Wanasema hasira hasara. Hasara ninayo tayari, basi niacheni na hasira zangu.

Jumatano, 8 Mei

Nimekwenda Kisumu Ndogo kumrudisha. Fundi mwingine alisema labda wiki ijayo. Wafula alinifanya nisimame mlangoni huku akichomelea kitanda cha mtu, kisha akachomelea geti la mtu. Nikasimama. Sikumwomba radhi, nilimwambia tu kwamba nasimama hapa mpaka uje. Mwishowe akabeba mashine.

Kabla hajawasha chochote nilichukua rangi nyekundu nikaandika kwenye chuma cha trela, herufi kubwa: INJINI. Na mshale. Akacheka. Mimi sikucheka. Amekata, amesaga, amerudisha ekseli ilipokuwa na kuipitisha futi moja na nusu upande wa mshale. Kila hatua nilisimama juu ya kichwa chake na tepu. Aliniambia nimzibie jua angalau kama sina kazi nyingine. Nikamzibia.

Ufa wa nyuma nimeuziba mwenyewe kwa faiba na gundi. Si mkubwa. Lakini upo, na utakuwepo daima, na naujua uko wapi.

Athman amepiga simu. "Vipi, fundi magari?" Nikakata.

Alhamisi, 9 Mei

Imekubali.

Tumeipandisha asubuhi. Nikashika mkono wa trela: mzito wa haki, unainuka ukitumia mgongo, haukimbilii juu wala haukulazimishi kuita watu. Pikapu ya jirani imeivuta hadi kwenye mzunguko wa barabara na kurudi. Nilikaa nyuma ya pikapu nikiitazama njia nzima. Kwenye matuta haikuruka. Kwenye kona haikuyumba. Wafula alikuwa akipiga honi ya mdomo kama harusi. Nimempa mkono. Tumepatana, mimi na yeye.

Kesho alfajiri naondoka. Pikapu nimeshaiagiza.

Athman alikuja tuliporudi. Safari hii alishuka. Akaizunguka trela yote, akagusa zulia, akatikisa kamba, akaipiga picha kwa simu kila upande. Akasema, "Umefanya kazi, dada." Miaka mingi sijasikia neno hilo kwake. Nikaona haya kwa yote niliyomwandika humu.

Ijumaa, 10 Mei

Nifute hayo ya jana. Haya gani.

Nilifika kiwanjani baada ya sala ya alfajiri na mfuko wangu wa nguo. Gari lilikuwepo, lakini si pikapu ya jirani. Lilikuwa kubwa, la Mtwapa. Athman amesimama na mnunuzi wakitazama picha kwenye simu na kuifananisha na boti.

Nikamwambia, siku yangu haijaisha. Magharibi bado. Akasema yule bwana alikuwa akisita kwa sababu hakuwa na cha kuibebea, gharama za kukodi lori la winchi zilimtisha. "Sasa ina trela yake, dada. Inamfaa. Utapata fungu lako, na pesa za trela."

Yaani ni mimi. Mimi ndiye niliyeifanya iuzike. Ningeiacha juu ya matairi ingekuwa yangu hadi leo.

Nimesema yote niliyokuwa nayo. Nimemwambia baba anamwona. Nimemwambia safu ya kwanza anayosali haina faida. Nimemwambia ni mwizi, na nimerudia, ili asikie hata kiziwi. Majirani wamekaa barazani wanasikiliza. Wahenga walisema ndugu wakigombana shika jembe ukalime. Hawa wa kwetu wameshika vikombe vya kahawa. Hati ya boti ina jina la Athman, na mnunuzi alikuwa na haraka.

Wakaifunga kwenye gari lao. Dereva akarusha mkanda mmoja juu ya boti akaukaza kama anayefunga gunia la makaa. Mmoja tu, tena katikati. Kwa mwendo huo boti ingeruka mbele akifunga breki, na Gede ni asubuhi, na watoto wako njiani.

Nikamwambia aondoke hapo. Nikafungua mkanda wake. Nikafunga omo, pua ya boti, kwa winchi, kisha mnyororo wa akiba endapo winchi itakatika, kisha mikanda miwili nyuma, mmoja kila upande, nikaikaza kwa goti. Nikatia tambara pale mkanda unapopita juu ya ufa. Nikazunguka nikagonga kila gurudumu. Nilikuwa nalia huku nikigonga. Athman alitaka kunisaidia kushika kamba, nikamwambia akiigusa nitamuuma.

Naweza mengi kwa hasira. Kufunga chombo vibaya siwezi.

Wakaondoka. Lile neno jekundu nililoandika lilisomeka mpaka walipokata kona.

Jumapili, 12 Mei

Hakuna mvua. Nimefua nguo.

Mchana Athman amekuja kula. Huja kila Jumapili tangu mkewe aende kwa mama yake Lamu. Sikudhani angekuja leo. Alisimama mlangoni akapiga hodi kwa sauti ndogo. Sikuitika, lakini sikufunga mlango. Nilikuwa nimepika wali wa nazi na samaki wa kupaka, sufuria ya watu wawili, kwa mazoea.

Simsamehi. Nimempakulia.

Amekula. Akanawa. Akasema mtu wa Mtwapa alipiga simu jana. Boti imefika salama. Dereva wake anasema njia nzima haikusogea hata unywele, hajapata kuvuta mzigo uliotulia namna ile, na anauliza ni fundi gani aliyeitengeneza trela.

Aliyasema kama anayeniletea zawadi. Nikasema, najua. Nikachukua sahani yake nikaenda kuiosha.