Shangazi, Blogu Haikujichapisha Yenyewe

Gare, Lushoto
14 Julai 2024

Mpendwa Shangazi Jenoveva,

Shikamoo. Naandika nikiwa nimekaa kwenye stuli, lakini wewe nihesabu kama nimepiga goti mlangoni pako. Vipi mguu? Mwanao Secilia aliniambia baridi ya Makambako imekurudia gotini, hata kupanda ngazi za kanisa ni shida. Huku ukungu haujaondoka wiki nzima na njegere zimesinyaa. Baba anakohoa asubuhi, ila anakula vizuri na bado anagombana na kuku. Modesta na watoto hawajambo, wanakuamkia.

Kabla ya kuendelea, Shangazi, funga mlango. Nimechapa barua hii kwa herufi kubwa, maana ile programu ya simu yako hujikwaa kwenye mwandiko wa mkono. Shika simu juu ya ukurasa kama nilivyokuonyesha, ikusomee peke yako. Nimemwomba Secilia akukabidhi bahasha bila kuifungua. Nilijaribu kukuambia haya kwa simu Jumapili tatu, na kila mara ulipoanza kuniuliza habari za watoto, niliyameza.

Unajua nilivyoingia kwenye mambo ya kompyuta. Msumeno uliponikata mkono nikakaa miezi minne bila kugusa ubao, na Modesta akaniletea kompyuta kuukuu aliyoazima kwa mwalimu mwenzake. Nikagundua kuna programu za bure za kila namna: ya kuchora kabati kabla hujakata mbao, ya kupunguza ukubwa wa picha ili ipite kwenye mtandao wetu huu wa kusuasua, ya kugeuza sauti kuwa maandishi. Kila niliyoijaribu niliiandikia kwenye blogu yangu, Meza ya Seremala, nikaeleza inafaa wapi na inakwama wapi. Wasomaji walikuwa kumi, kumi na wawili kwa siku. Wengine nadhani nilikuwa mimi mwenyewe, nikifungua kuangalia kama kuna mtu.

Basi ukaja Januari kwa kipaimara cha mwanangu. Ulinifuata karakana, ukasimama kwenye maranda ya mbao, ukaangalia nyuma yako kwanza, kisha ukaniita baba kama kawaida yako.

“Baba, hivi simu inaweza kumsomea mtu?”

“Kusoma nini, Shangazi?”

“Chochote. Mimi herufi sizijui.”

Sikuamini. Wewe, mwenyekiti wa akina mama, unayesoma somo kanisani miaka ishirini na miwili! Ukanieleza kwamba kila Jumamosi unakwenda kwenye mazoezi ya kwaya, unasikiliza mwenzako akilisoma somo, unalishika kichwani, na Jumapili unafungua kitabu mbele ya watu na kulitoa lote bila kukosea. Hata marehemu mumeo hakujua. Ukaniambia nisimwambie mtu, nami nikaapa kwa jina la Mungu. Nikakuwekea programu, na kitu cha kwanza kilichosomwa ni pakiti ya chumvi. Ulicheka, kisha ukajifuta macho na ncha ya kanga. Ukasema tusome tena.

Siku tisa baadaye nikaandika yote kwenye blogu.

Modesta alisoma kabla sijachapisha. Akaniuliza, “Umemwomba ruhusa?”

Nikamjibu sijataja jina.

“Umetaja Makambako, umetaja uenyekiti, umetaja kitabu kilichofunguliwa na somo la kichwani. Limebaki jina la ubatizo tu.”

Nikamwambia watu wa huko hawasomi blogu za maseremala. Nikabonyeza.

Ndani ya siku tatu walisoma watu elfu nne. Shangazi, nilifurahi. Lazima nikuambie na hilo. Niliacha mlango wa mteja umelala mezani nusu umepigwa randa, nikawa naangalia namba zinavyopanda. Watu wakaandika “Hongera, umetugusa,” nami nikawajibu mmoja mmoja, kana kwamba aliyekesha na masomo kichwani miaka yote hiyo ni mimi.

Habari ya Makambako niliipata Machi kwa Secilia, analia. Kwamba makala yangu ilifika kwenye makundi ya simu ya kwaya yenu. Kwamba Jumapili moja ya Kwaresima ulipanda kusoma, na mtu alikuwa amekugeuzia kitabu makusudi, akaweka somo lingine kabisa, na kuna waliokuwa wamejipanga kusikiliza. Ukasoma lile la kichwani. Mmoja akasema kwa sauti, “Mama, siyo hilo,” na wengine wakacheka kanisani. Ukafunga kitabu, ukatoka kwa mlango wa pembeni. Uenyekiti ukauacha wiki hiyo hiyo.

Uliponipigia, sauti yako ilikuwa ya chini. “Valentino, siri ile nilikupa wewe. Sikuwapa watu.”

Hukuniita baba siku hiyo. Nami nikasema uongo. Nikakuambia kwamba nilikuwa nimejiandikia kumbukumbu tu, na blogu ikajichapisha yenyewe, kwamba mitambo hii wakati mwingine hufanya hivyo. Ukasema, “Nisamehe, baba. Nimekukasirikia bure. Sikujua mitambo ina tabia hiyo.”

Wewe ukaniomba msamaha mimi.

Blogu haikujichapisha, Shangazi. Nilibonyeza kwa kidole changu hiki, nikiwa nimekanywa, mchana kweupe. Nilijua hujui mambo ya mtandao, na nikautumia kutojua kwako kujifichia. Kuandika siri yako ilikuwa tamaa. Kukudanganya baadaye sijui niseme ni nini.

Makala nimeifuta, lakini wengine walikuwa wameinakili. Niliwaandikia watu watatu wenye kurasa zao. Wawili wameiondoa, wa tatu hajajibu. Zilizo kwenye simu za watu siwezi kuzifikia. Sitakudanganya kwamba imekwisha.

Mwezi uliopita nilimweleza Baba. Nilidhani atanigombeza. Aliweka kikombe chini, akaniuliza kama nilishawahi kujiuliza kwa nini dada yake hakusoma. Sikuwahi. Nimeandika maneno mia nane juu ya mtu asiyejua kusoma, na swali hilo halikunipitia kichwani.

Akaniambia jina lililoandikishwa shule ya misheni mlipokuwa watoto lilikuwa lako. Babu alitaka mtoto mmoja aende na mmoja abaki kulinda mahindi yasiliwe na tumbili. Baba alikuwa mdogo, alilia siku mbili, na wewe ukasema, “Aende Emanueli. Tumbili wananiogopa mimi zaidi.” Akaenda. Herufi alizonifundisha yeye hapa jikoni, kwa mkaa juu ya ubao, zilitoka kwenye nafasi yako. Ndizo nilizotumia kuandika siri yako.

Tangu siku hiyo sijaandika tena kwenye blogu. Nikikaa mbele ya kompyuta naona aibu hata ya kuandika jina langu.

Baba anataka kuja Makambako. Umri wake unaujua, na kifua chake, lakini amekwisha kupiga pasi suruali. Anataka asimame mbele ya akina mama wa parokia yenu aseme nani alibaki shambani ili nani asome. Nimemwambia jambo hili ni lako, na hakuna wa ukoo huu atakayefungua mdomo tena juu yako kabla hujasema. Amekubali, ila kila alasiri anauliza kama umepiga simu. Mjibu yeye, si mimi. Ukisema asije, hatakuja. Ukisema aje akae nawe tu, mnywe chai, bila kumwambia mtu lolote, nitampeleka mpaka mlangoni na nitasubiri nje.

Na ule msamaha ulionipa Machi, uliposema umenikasirikia bure, naurudisha. Uliutoa kwa kosa la mashine. Kosa langu ni hili nililoliandika hapa. Ukiona linasameheka au halisameheki, vyovyote, bado nitakuamkia.

Nisalimie Secilia na mumewe, na wajukuu wote. Jirani yetu Mama Halima anakusalimu sana, anasema mbegu za maharage ulizomwachia zimezaa. Mungu akulinde, akupe usingizi mwema, na akuondolee maumivu ya goti.

Mtoto wa mdogo wako, anayekupenda na kukuonea haya,

Valentino