Mashine Yako Inatukataa, Wandera

Wandera,

Wewe una moyo gani? Tangu tukuzike mvua moja imepita na nyingine inaanza, na hata ndoto moja hujaniletea. Wenzangu wanaota watu wao wakiomba chai. Mimi kukhu wako, nyanya yako, nalala tu kama gunia. Haya, kama huji, nakufuata kwa barua. Kusoma sikusoma, unajua. Anayeandika ni Amoit, mwenzako wa kazi wa Malaba, na nimemwambia asininyooshee maneno.

Seva yako imenyamaza. Ile mashine ya mbali uliyokodi, inayowatumia watu wa Rukala ujumbe mto ukipanda. Amoit anasema akiingia ndani ataiamsha dakika tano tu. Lakini haitaki neno la siri. Inataka ufunguo, ule uliouweka ndani ya laptopu yako.

Na laptopu, siku ya kunyoa baada ya mazishi, tulipogawa vitu vyako, nilimpa mjomba wako wa Mundika. Ni mimi nilisema isitoke hapa na mambo ya marehemu ndani, ipelekwe Busia isafishwe, kama tulivyofua mashati yako kabla ya kuyagawa. Ikasafishwa. Mtoto wangu, ilisafishwa vizuri sana.

Siku tatu Amoit yuko hapa anahangaika na hiyo SSH yake, eti ndiyo njia ya kuingia kwenye mashine ya mbali. Kwanza alidhani amekosea jina la kuingilia. Akajaribu lako la nyumbani, akajaribu la ubatizo. Wapi! Tukapata flashi kwenye kikombe chako cha mswaki, na ndani kuna ufunguo. Nikapiga vigelegele, mimi mzee mzima. Kompyuta ya Amoit ikalalamika eti ufunguo umeachwa wazi, kila mtu anaweza kuusoma. Akaufunga usomwe na yeye peke yake. Akajaribu tena. "Kukhu, huu ni wa zamani. Alishaubadilisha."

"Sasa hiyo mashine inamjua nani?"

"Wandera tu."

Wenye kuikodisha nao wanataka kuongea na mwenyewe. Nikawaambia kwa simu, mwenyewe yuko hapa mbele ya nyumba, chini ya udongo, njooni muongee.

Unakumbuka ulivyokuwa unaniita kutoka jikoni? "Kukhu, sema neno tuwatumie watu." Nikasema waambie wapandishe mbuzi, wasibishane na maji. Ukatuma hivyohivyo! Watu walicheka, lakini walihama.

Amoit anaweza kujenga nyingine, ila nambari za simu za watu zote zimo humo ndani. Kwa hivyo kesho tunaanza mlango kwa mlango kuziomba upya. Nakuahidi sitaruka nyumba hata moja. Lakini miguu yangu unaijua, na huko juu ya mto kumeshakuwa kweusi kwa mawingu. Sijui, Wandera. Kweli sijui.

Lala, baba. Hasira yangu si kwako.

Na ukija ndotoni, usinisalimie kwanza. Anza na wale wa karibu na tuta la mto, yule Nabwire aliyejifungua juzi. Mwambie atoke na mtoto. Mimi utanikuta.