"Haya" Iliyonifunga

Tunduma, Jumapili, 1954

Mdomo umeniponza tena. Baba mdogo, aliyekuja likizo kutoka Kampala, alitangaza wakati wa chakula kwamba nikianza chuo huko nitakaa kwake, siyo bwenini. "Na kwangu taa huzimwa baada ya sala," akaongeza. Sasa nitasoma saa ngapi?

Nikajibu, "Haya, baba." Nilimaanisha nimesikia. Wao, baba na mama pia, wakasikia nimekubali. Mama akapiga vigelegele, akaanza kusaga ulezi wa kumpelekea mke wa baba mdogo.

Nikikataa sasa, nitakuwa nimewakataa baba wawili. Nilitaka kitanda cha bweni na taa yangu mwenyewe, basi.

Nilisoma kwa bidii ili nitoke nyumbani. Kumbe nyumbani kumetangulia Kampala, kunanisubiri mlangoni.