Gari la Marehemu na Pikapu ya Mwanawe

MAELEZO YA SHAHIDI
Kituo cha Polisi Mahlabathini
Jumapili, 15 Juni 2025, saa 4:10 asubuhi

Jina: Sakhile Mdlalose. Umri: miaka 24. Kazi: mhitimu wa uhandisi wa mitambo, natafuta ajira. Makazi: Mahlabathini.

Natoa maelezo haya kwa hiari yangu, nikiwa na akili timamu.

Mnamo Ijumaa tarehe 13 Juni, saa 8:00 mchana, nilifika nyumbani kwa marehemu Bhekinkosi Zungu kwa mwito wa mwanawe, Nkosikhona. Familia ilikuwa ikibishania gari litakalokwenda hospitalini kuichukua roho ya marehemu kwa tawi la mti wa umlahlankosi, ambalo kwa mila yetu huibeba roho hadi nyumbani. Mdogo wa marehemu, Mzee Mphikeleli, fundi mstaafu, alitaka gari la marehemu la mwaka 1964. Nkosikhona alitaka pikapu yake mpya. Niliombwa niyalinganishe.

"Kopo lako hilo litafia mlimani, baba mdogo," alisema Nkosikhona.

"Kopo hilohilo ndilo lililokutoa wodi ya wazazi, ukalitapikia viti," alijibu mzee. "Tena likiugua, husema. Hilo lako husubiri ruhusa ya kioo cha dashibodi."

Ili nikague breki, nilifungua gurudumu la nyuma kushoto la kila gari. La gari kuukuu nililirudisha na kulikaza. La pikapu nililirudisha, nikazungusha nati kwa vidole, na kabla sijashika spana tukaitwa kula uphuthu, ugali wa chengachenga, kwa maziwa ya mgando. Baada ya chakula niliandika ripoti ya kurasa mbili. Nilipendekeza pikapu, kwa sababu ya mikanda, breki zinazojidhibiti zenyewe na vihisi kumi na viwili. Nilitumia maneno "bila shaka" mara tatu.

Mzee Mphikeleli aliisoma yote. "Umesoma, mwanangu," alisema. "Haya, twende na kusoma kwako."

Jumamosi tarehe 14, saa 5:20 asubuhi, tuliondoka hospitalini. Nkosikhona aliendesha, mimi nilikaa mbele, mzee kiti cha nyuma na tawi. Abebaye tawi hasemi na aliye hai hadi afike nyumbani; humweleza marehemu njia, basi.

"Kaka, tunavuka daraja," alisema. "Kaka, hapa ni njia panda."

Saa 6:05 alisema, "Kaka, gurudumu la nyuma kushoto linalia."

Nilimtazama Nkosikhona. "Usigeuke," alininong'oneza. "Hayo si yetu."

Nilitazama dashibodi. Hapakuwa na taa hata moja. Nilijua kwamba hakuna kihisi kinachokagua nati. Nilirudisha macho barabarani.

Dakika chache baadaye alisema, "Kaka, linalegea. Vijana hawa hawasikii." Sauti yake haikupanda.

Saa 6:14, kwenye mteremko wa mto Mfolozi, niliona gurudumu likitupita. Pikapu ilipinduka mara mbili. Mikanda ilituokoa sisi wawili. Mzee hakuwa amejifunga, kwa kuwa alilikumbatia tawi kwa mikono yote miwili. Nilimkuta majanini amefariki, tawi angali analo.

Nkosikhona ameandikisha kwamba hatukuonywa. Tulionywa mara mbili. Nati hizo niliziacha mimi.

Kesho familia itaifuata roho ya Mzee Mphikeleli pale mteremkoni kwa tawi jipya. Litakwenda gari la 1964. Mjane wake amenitaka niliendeshe mimi. Hakunieleza sababu.

Hayo ndiyo niliyoyaona, na ndiyo niliyoyatenda.

Sahihi: S. Mdlalose

Maoni ya afisa: Nimemsomea shahidi maelezo haya, naye ameyakubali bila kubadili neno. Ripoti yake imepokelewa kama kielelezo. Baada ya kutia sahihi aliniuliza kama dereva huruhusiwa kumjibu abebaye tawi. Nilimwambia sijawahi kusikia.

Sajenti N. Ximba