Siku Tano za Tiketi

Jumatatu, 19 Mei 1930

Mvua ya mawe! Saa tisa mbingu ilikuwa nyeusi tititi, mara mawe — makubwa kama mayai ya kwale! Tulijifunika vikapu kichwani tukakimbia, wanawake wanapiga mayowe, mimi nacheka kama mwehu. Kepher, ninayelala naye chumba kimoja, alipigwa sikio likavimba. Chai yote imebaki vijiti.

Halafu nyapara Ongeri akasema majani hayakupimwa, kwa hiyo tiketi zetu za kazi hazitiwi alama ya leo. Nikaacha kucheka. Nina alama ishirini na tano. Bado tano tu! Zikifika thelathini kipande, cheti changu cha kazi, kinatiwa sahihi, nashuka nyumbani Nyakach kumwona binti yangu. Mke wangu Wilkista ameandikisha barua: mtoto ana meno mawili tayari. Mawili! Na mimi babake simjui hata sura.

Jumanne, 20 Mei

Nimepata! Hakuna kuchuma mpaka chai ichipue tena, wiki tatu, labda zaidi. Wachumaji wanarudishwa kambini bila kazi, bila alama. Ila Ongeri alitaka watu ishirini wa kuchimba mitaro. Nilinyoosha mkono kabla hajamaliza kusema. Kepher naye. Maji yanafika magotini na baridi yake inauma mifupa. Ishirini na sita!

Jumatano, 21 Mei

Mvua. Mtaro. Ishirini na saba.

Alhamisi, 22 Mei

Homa imeingia kambini. Watu kumi na wawili wamelazwa tangu juzi. Sasa dresa Arasa, mtu wa dawa wa kambi, anapita kwenye mstari asubuhi, anagusa kila paji la uso. Ukiwa na joto unatolewa, na siku yako imekwenda bure. Mama Nyamoita alidai ni joto la uji aliokunywa sasa hivi! Mstari mzima ulicheka. Akatolewa hata hivyo, analia. Ishirini na nane.

Ijumaa, 23 Mei

Nilitetemeka kidogo alfajiri. Ni mtaro huo tu. Kepher alinimwagia maji ya mtoni kichwani kabla ya kengele. Arasa akanigusa, akasema huyu yuko baridi kama chura. Akapita! Tulicheka hadi jembe likaniponyoka. Ishirini na tisa!! Jioni ugali haukupita kooni. Furaha, nadhani. Mzigo nimeshaufunga: leso ya Wilkista, sabuni, shanga za mtoto.

Jumamosi, 24 Mei

Siku yenyewe! Ya mwisho! Nimeamka kabla ya jogoo. Kepher anasema sikulala hata kidogo, eti usiku kucha nilikuwa namwambia mtu afungue mlango. Herufi zinacheza kwenye karatasi. Meno yanagongana — nacheka mwenyewe nikiyasikia.

Kepher amekasirika. Anataka niende kwa Arasa kwa miguu yangu, nimeze kwinini, nilazwe. Mtoto atangoja, anasema. "Lazarus, unataka kumpelekea nini nyumbani? Hiyo homa?" Nikamwambia siku moja, ndugu yangu! Moja! Akachukua debe, akaenda mtoni, akarudi nalo limejaa, akalitua mlangoni. Hatanimwagia leo. Nikitaka, nijimwagie mwenyewe.

Sawa! Nimejaribu kuliinua mara mbili. Halijatoka chini. Kengele hiyo inalia, watu wanapita, nasikia sauti ya Ongeri. Naliinua tena —