Kukwangua Mishono ya Baba

Baba,

Shikamoo. Sijui kama huko mnaitikia, ila siwezi kuanza kuongea nawe bila shikamoo. Ungenigeuzia mgongo.

Tangu tulipokuzika Misungwi mvua zimenyesha, mahindi ya shangazi yamekomaa, na karakana yetu ya Mkuyuni bado iko wazi. Fundi Masanja anachomelea, mimi nachomelea, jina lako bado liko mlangoni. Mama hataki lipakwe rangi upya. Anasema ile rangi uliipaka mwenyewe.

Ule mgodi uliokuwa unautengenezea pampu haukutukimbia. Baada ya arobaini alikuja yule dada wa manunuzi, akakaa kwenye stuli yako, akauliza kama tutaweza kuendelea bila wewe. Nikasema tutaweza. Akasema basi watatuletea pampu moja kwanza, waone.

Unakumbuka mliposaini makubaliano yale? Walikueleza kwamba pampu zao zikilika hazitatupwa tena jalalani; zitarudi kwetu tuzitengeneze ziende tena kazini, na zisizotengenezeka ziyeyushwe. Wakaiita uchumi wa mzunguko. Ulirudi nyumbani Buhongwa unacheka. "Mama Kabula, kumbe na wewe ni mtaalamu! Kanga ikichakaa unafanya nepi, nepi ikichakaa unafanya dekio, na hakuna aliyekuita semina hata siku moja." Nina hamu na kicheko kile, Baba. Nina hamu nacho mpaka naumwa. Siku hizi nyumbani tunawasha redio ili tu pawe na sauti ya mwanamume.

Basi pampu ikaletwa. Nikalifungua ganda lake, lile linalotafunwa na matope na mchanga wa mawe, nikamulika ndani. Nikaona mishono yako ya kuchomelea. Mifupi, imebanana, imelalia upande usio wa kawaida, maana ulichomelea kwa mkono wa kushoto na sijamwona mwingine hapa Mwanza anayechomelea hivyo. Nilikaa sakafuni nikalia na glavu zangu mkononi. Masanja akatoka nje, akajifanya anatafuta spana.

Lakini juu ilikuwa imelika, na ili kulitengeneza ganda ilibidi niikwangue kazi yako. Mama aliposikia alikuja mwenyewe. "Usiliguse. Tuwaambie limeharibika kabisa, tubaki nalo." Na mimi nilitaka hivyo hivyo, nisikudanganye. Nilitaka kitu kimoja tu ulichokigusa kisiende popote. Lakini ganda ni la mgodi, na ndilo wanalotupimia kazi. Na wewe hukuwa na mchezo katika hilo: cha mtu kikiletwa kutengenezwa, kinarudi kwa mwenyewe. Sikutaka tuanze maisha bila wewe kwa uongo.

Nikamweleza Mama. Akaingiza mkono ndani ya ganda, akaipapasa mishono yako taratibu, kama anavyopapasa paji la mtoto mwenye homa. Sikuweza kumtazama.

"Haya," akasema. "Kata."

Nikawasha grinda. Nilishuka polepole, nikwangue palipolika, nikifika kwenye chuma kizima nisimame. Na nilipofika, Baba, chuma kizima kilikuwa bado ni chako. Matope yalikula juu juu tu. Chini ulikuwa umekaa vilevile, mgumu, hujatikisika. Nikachomelea juu yako.

Jana ganda limeondoka na lori. Leo dada wa manunuzi amepiga simu: yapo mengine, wanayaleta. Najua mengi yamepita mikononi mwako, na kila nitakalofungua litaniuma. Mama kasema yakija aitwe, ayapapase kwanza. Nimemkubalia.

Lala salama, Baba. Masanja anakusalimu. Mimi nakuahidi jambo moja: nitakwangua palipolika tu.

Mwanao,
Kabula